Mapatano Pasipo Mzani ni Lumbesa

Pale Uyole, barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Iringa hukutana na ile iendayo Tukuyu, Kyela na mpakani Kasumulu. Apitaye hapo majira ya mavuno ya viazi ataona malori yamepangana kando ya barabara, na wachukuzi wakipandisha magunia mabegani. Yatazame magunia hayo vizuri. Mengi hayakufungwa mdomoni kama gunia lipasavyo kufungwa. Yameongezewa kipande cha gunia jingine juu, kikajazwa viazi na kushonwa kwa kamba, hata gunia likawa na kiwiliwili na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa.

Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100. Mkulima aijua sheria hiyo. Mnunuzi naye aijua. Walakini bei hutajwa kwa gunia, wala si kwa kilo, na maadam mzani haupo shambani, biashara hufungwa kwa kutazama kwa macho. Mnunuzi husema, "Si tumepatana?" Naam, wamepatana. Mkulima ameridhia kwa kinywa chake mwenyewe, na fedha amepokea mkononi. Hata hivyo kila mtu hapo barabarani ajua ni nani aliyepoteza kilo zake.

Tumeanza na lumbesa kwa makusudi. Leo twataka kuzungumza na wanachama na wafanyakazi juu ya mapatano mengine, yasiyofungwa kando ya barabara bali katika vyumba vya wanasheria, na yasiyohusu viazi bali mamilioni ya fedha. Haya ni mapatano baina ya serikali na kampuni kubwa zishutumiwazo kutenda maovu. Nchi yetu imehusika katika mapatano ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na mara mbili kati ya hizo hati zake zilitiwa sahihi London. Swali letu ni lile lile la Uyole: mapatano yalikuwapo, lakini mzani ulikuwa wapi, na nani aliyesimama karibu nao?

Mapatano haya ni kitu gani

Kwanza yatupasa kueleza jambo lenyewe. Kampuni si mtu wa nyama na damu. Haiwezi kufungwa gerezani. Ikishtakiwa na kutiwa hatiani yaweza kutozwa faini, kunyimwa zabuni, au hata kufa, na ikifa, mfagizi na karani wasio na hatia hupoteza kazi pamoja na mkurugenzi aliyetenda kosa. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa, Marekani ikitangulia, zimeweka njia ya katikati. Hati ya mashtaka huandikwa, lakini husimamishwa. Kampuni huyakubali kwa maandishi maelezo ya mambo yaliyotendeka, hulipa fedha, huahidi kuisafisha nyumba yake, na hukaa chini ya uangalizi kwa muda uliotajwa. Ikitimiza masharti, mashtaka hufutwa. Ikiyavunja, mashtaka hufufuliwa. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2013, ikaanza kutumika mwaka 2014, na sharti lake moja kubwa ni kwamba jaji lazima ayakague mapatano na kuridhika kwamba ni ya haki kabla hayajawa na nguvu.

Wapo wasemao: kwa nini mwizi wa kuku apelekwe rumande, na kampuni iketi mezani na mwendesha mashtaka? Hili ni swali la haki, wala hatulidharau. Lakini kesi ya kampuni kubwa huvuka mipaka ya nchi nyingi, huchukua miaka, na mara nyingi ushahidi huwa katika makabati ya kampuni yenyewe. Mapatano mema yaweza kuleta fedha upesi, kuufunua ukweli, na kuizuia kampuni isirudie. Hayo ndiyo mambo matatu tunayopaswa kuyapima: fedha, ukweli, na utii. Kila pato la mapatano ya namna hii tuliweke juu ya mzani huo.

Rada ya mwaka 1999

Mapatano ya kwanza yalihusu rada. Mwaka 1999 serikali yetu ilifanya mkataba wa kununua mtambo wa rada kutoka kampuni iliyo chini ya BAE Systems ya Uingereza, kwa bei ya karibu dola milioni 40. Hata kule Uingereza yalizuka mabishano makali. Waziri wao wa maendeleo ya nchi za nje wa wakati ule, Clare Short, aliupinga mpango huo, akisema nchi maskini haikuhitaji kitu cha gharama namna hiyo. Serikali ya Tony Blair hata hivyo ilitoa kibali mwishoni mwa 2001, mwaka ule ule ambao nchi yetu ilikuwa ikisamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa.

Baadaye ilibainika kwamba karibu dola milioni 12.4, yaani kiasi cha asilimia 31 ya bei, zililipwa kupitia kampuni mbili zilizofungamana na mshauri wa biashara aliyekuwa Tanzania. Theluthi moja ya bei, ndugu msomaji! Mnunuzi wa viazi mwenye kuongeza kichwa juu ya gunia ana haya kuliko hiyo.

Mwezi wa Februari 2010 kampuni ilipatana na Idara ya Ulaghai Mkubwa ya Uingereza. Sheria ile ya kusimamisha mashtaka ilikuwa haijatungwa bado. Haya yalikuwa mapatano ya kukiri kosa. Na kosa lenyewe lilikuwa lipi? Halikuwa hongo. Kampuni ilikiri kwamba haikuweka hesabu zake sawasawa kuhusu malipo yale. Ilikubaliwa kwamba jumla ya fedha itakuwa paundi milioni 30: faini yoyote itakayotozwa na mahakama itatolewa humo, na kitakachobaki kitapewa watu wa Tanzania.

Tarehe 21 Desemba 2010 shauri lilifika mbele ya Jaji Bean katika mahakama ya Southwark, London. Jaji huyo hakuficha mshangao wake. Alisema ingekuwa ujinga mkubwa kuamini kwamba mshauri yule alilipwa fedha zote zile kwa kazi ya ushawishi tu. Walakini hakuweza kuhukumu kwa kosa ambalo mwendesha mashtaka hakulileta. Tena alisema kwamba jinsi mapatano yalivyoandikwa, mahakama ilisukumwa kutoza faini ndogo, kwa kuwa kila paundi ya faini ingeondolewa katika fungu la Watanzania. Akatoza paundi 500,000, pamoja na gharama za kesi paundi 225,000. Zikabaki paundi milioni 29.5 kwa ajili yetu.

Je, zilikuja mara moja? La. Kampuni ilitaka kuwa na sauti yake katika namna ya kuzitumia, kana kwamba ni sadaka itolewayo na tajiri kwa apendaye. Mwaka 2011 ujumbe wa Bunge letu, ukiongozwa na Job Ndugai aliyekuwa Naibu Spika wakati ule, ulikwenda London kudai fedha zilipwe kwa serikali ya Tanzania yenyewe. Kamati ya Bunge la Uingereza nayo iliwaita wakubwa wa kampuni na kuwahoji. Ndipo Machi 2012, miezi kumi na mitano baada ya hukumu, hati ya maelewano ikatiwa sahihi na fedha zikalipwa. Mpango uliotangazwa ulikuwa kununua vitabu na miongozo ya walimu kwa shule za msingi za nchi nzima, ambazo wakati ule zilikuwa kama 16,000, pamoja na madawati kwa wilaya zenye shida zaidi. Shule zetu za Mbeya na Iringa ni katika hesabu hiyo.

Tuyapime sasa. Kwa fedha, mapatano hayo yalifanya vizuri: katika kila paundi 60, paundi 59 zilikusudiwa Tanzania, na moja tu kwa hazina ya Uingereza. Kwa ukweli, yalishindwa. Hayakueleza fedha zile ziliishia mikononi mwa nani. Mtoto wa Uyole aliyefungua kitabu kile alisoma kwa fedha za kosa ambalo jina lake halikupata kuandikwa.

Benki na mkopo wa dola milioni 600

Mapatano ya pili ni ya benki. Mwaka 2012 na 2013 serikali yetu ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600 katika masoko ya fedha ya nje. Kazi ya kuutafuta walipewa Standard Bank ya London na ndugu yake aliye hapa nchini, Stanbic. Hapo mwanzo malipo yao yalitajwa kuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Baadaye yakapanda kufikia asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya Kitanzania iitwayo Enterprise Growth Market Advisors. Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa mahakamani London, mmoja wa wenye hisa katika kampuni hiyo alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato wa wakati ule, na haukuonekana ushahidi kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote ya maana kwa malipo hayo.

Machi 2013 fedha ziliingia katika akaunti ya kampuni ile katika benki ya Stanbic. Katika muda wa siku kama kumi, sehemu kubwa ya fedha hizo ikatolewa taslimu.

Hapa twaomba wafanyakazi wasikilize kwa makini. Ni nani aliyeligundua jambo hili? Hakuwa polisi wa Uingereza wala mkaguzi wa kimataifa. Walikuwa wafanyakazi wa Stanbic hapa Tanzania, walioona fedha nyingi namna ile zikitolewa kwa noti wakapeleka habari kwa wakubwa. Habari ikafika makao makuu Johannesburg, na kabla mwezi wa Aprili 2013 haujaisha mawakili wa benki walikuwa wamekwisha kutoa taarifa wenyewe kwa wakuu wa Uingereza. Mamilioni yote yaliyozungumzwa London baadaye yalianzia kwa wafanyakazi waliokataa kufumba macho.

Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Leveson aliyapitisha mapatano ya kusimamisha mashtaka baina ya Idara ya Ulaghai Mkubwa na Standard Bank. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake katika historia ya Uingereza. Shtaka lilitajwa waziwazi: kushindwa kuzuia hongo. Maelezo ya mambo yote yalichapishwa, kila mtu ayasome. Benki ilitakiwa kushirikiana na wapelelezi, na kumruhusu mkaguzi wa nje, kampuni ya PricewaterhouseCoopers, aipekue taratibu zake za kuzuia rushwa na kuhakikisha marekebisho yanafanywa. Masharti yaliwekwa kwa miaka mitatu, na Novemba 2018 idara ile ilitangaza kwamba yametimizwa.

Kwa ukweli, basi, na kwa utii, mapatano haya yaliyapita yale ya rada kwa mbali. Lakini tuzitazame fedha. Tanzania ilirudishiwa zile dola milioni 6, pamoja na riba ya kiasi cha dola milioni 1. Benki ilitoa faida yake ya dola milioni 8.4, na faini ya dola milioni 16.8. Faida na faini, jumla dola milioni 25.2, zote zilikwenda katika hazina ya Uingereza. Kwa maneno mengine, katika kila dola nne na nusu, sisi tulipata dola moja, na Uingereza ikapata tatu na nusu.

Kuhusu faini hatuna neno kubwa. Aliyevunja sheria ya Uingereza hulipa faini Uingereza, kama vile avunjaye sheria Mbeya alipavyo Mbeya. Lakini hizo milioni 8.4 zilitoka wapi? Zilitoka katika mkopo wetu. Ni asilimia 1.4 ya dola milioni 600 zilizokopwa kwa jina la mkulima wa Uyole na mfanyakazi wa TAZARA, na kodi zao ndizo zilizopaswa kuulipa mkopo huo pamoja na riba. Wapo watakaojibu kwamba malipo hayo yalikuwa ujira wa kazi ya kweli, kwa kuwa mkopo ulipatikana. Hoja hiyo twaifahamu. Lakini ikiwa mahakama imekwisha kuona kwamba benki haistahili kuushika ujira huo, kwa nini aupokee mtu wa tatu, na asirudishiwe yule aliyeulipa?

Tuliosoma katika shule za misheni twamkumbuka Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, mtu mfupi aliyepanda mti. Aliposhuka, aliahidi mbele ya watu kwamba kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusema kwamba atamrudishia aliyedhulumiwa mara moja, na zile mara tatu nyingine azipeleke katika hazina ya Kaisari. Katika mapatano haya ya benki ndivyo ilivyokuwa, na sababu yake twaiona kuwa moja. Kulikuwa na benki mezani, kulikuwa na mwendesha mashtaka wa Uingereza, na kulikuwa na jaji wa Uingereza. Mkopaji, ambaye ni Mtanzania, hakuwa na kiti.

Meza ya Dar es Salaam

Je, tukipata kiti, mambo yote hunyoka? Tuyatazame mapatano ya tatu, ambayo meza yake iliwekwa nyumbani.

Machi 2017 serikali ilizuia makinikia ya dhahabu yasipelekwe nje. Kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa taarifa kwamba nchi imepoteza mali nyingi mno. Julai mwaka huo kampuni ya Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilipelekewa madai ya kodi, riba na adhabu yapatayo dola bilioni 190. Acacia ilikanusha kwamba imefanya kosa lolote. Barrick, mwenye hisa nyingi katika Acacia, alikuja kuzungumza na serikali, na mwaka 2019 akainunua Acacia yote. Tarehe 24 Januari 2020, Ikulu ya Dar es Salaam, mapatano yakatiwa sahihi: dola milioni 300 za kumaliza madai, asilimia 16 ya hisa za migodi kwa serikali, kampuni mpya ya Twiga kuisimamia, na manufaa ya uchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Mei 2020 ukalipwa mwanzo wa fedha hizo, dola milioni 100.

Hapa mwenye mali aliketi mezani, na matunda yake yaonekana: hakupata fedha za fidia tu, alipata na hisa. Mtu asiyekuwapo hapewi hisa. Twaisifu hatua hiyo, wala hatusitiri sifa zake.

Walakini mzani ni mzani, hata ukiwa wetu. Madai yalikuwa dola bilioni 190. Malipo yakawa dola milioni 300. Baina ya tarakimu hizo mbili pana bonde refu kuliko Bonde la Usangu, na hapana mahakama iliyopita humo na kumwambia mwananchi kwamba hesabu ya kweli ilikuwa hii. Ama madai yalikuzwa kupita kiasi, ama tulisamehe kupita kiasi, ama ukweli ulikuwa mahali fulani katikati. Mapatano yalitupa fedha na yakatupa nafasi ya kuangalia kazi ya kesho. Ukweli wa jana yaliuacha ukiwa umefunikwa.

Tukiyapanga yote matatu, picha yaonekana wazi. Rada ilitupa fedha bila ukweli. Benki ilitupa ukweli na utii, kwa fedha kidogo. Dhahabu ilitupa kiti, hisa na fedha, bila hukumu juu ya jambo lililotendeka. Hapana hata moja lililotimia, kwa kuwa hapana hata moja ambamo aliyedhulumiwa na mwamuzi huru walisimama pamoja karibu na mzani.

Nyumbani kwetu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwalaumu wageni. Haitoshi. Hongo ina mikono miwili. Tangu siku za TANU mwanachama ameahidi kwamba hatapokea rushwa, tena hataitoa. Mapatano ya London yalishughulika na mkono utoao. Mkono upokeao uko huku kwetu, na hapana jaji wa Southwark atakayetusaidia kuukamata. Kesi iliyofunguliwa Dar es Salaam juu ya fedha za mkopo ule ilianza Aprili 2016. Agosti 2020 ilimalizika kwa mapatano pia: washtakiwa walikiri kosa na kuamriwa kulipa fidia.

Hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 2019 Bunge letu liliirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, likaruhusu mapatano ya kukiri kosa baina ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa. Sheria hiyo yaweza kuwa njema. Lakini mapatano ya mtu aliye rumande, katika shtaka lisilo na dhamana, hayafanani na mapatano ya benki yenye mawakili kumi. Aliye gerezani hutia sahihi ili atoke. Hiyo ndiyo lumbesa ya upande wa pili: safari hii anayeshindilia gunia ni dola yenyewe. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwapo, na Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyotoa ripoti yake Julai 2023, haikuyapita. Hatuwezi kudai mzani wa haki kwa kampuni za kigeni na kumnyima raia wetu mzani huo huo.

Basi twasema nini? Twasema mambo manne, na twaomba yajadiliwe katika matawi.

La kwanza, kila mapatano ya kumaliza shutuma dhidi ya kampuni yachapishwe, pamoja na maelezo ya mambo yaliyotendeka, kwa Kiswahili ambacho mkulima aweza kukisoma. Mapatano ya siri hayana wa kuyalinda, kwa kuwa hapana ajuaye yameahidi nini.

La pili, jaji ayapime. Mwendesha mashtaka na kampuni, au mwendesha mashtaka na mfungwa, wasiachwe peke yao chumbani. Jaji aulize kama aliyekiri amekiri kwa hiari, kama kosa lililoandikwa ndilo lililotendeka, na kama aliyeumia amesikilizwa. Kadhalika, kesi za namna hii zikifanywa nchi za nje juu ya mali yetu, serikali yetu iombe kiti mapema, isingoje kupeleka ujumbe baada ya hukumu kama tulivyolazimika kufanya katika mambo ya rada.

La tatu, utii uangaliwe kwa miaka, na si siku ya kutia sahihi tu. Kalamu hukauka upesi. Katika mambo ya benki aliteuliwa mkaguzi wa nje na muda ukawekwa. Sisi nasi tuulize kila mwaka: kampuni iliahidi nini, na imetimiza kiasi gani? Bunge lina kamati zake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ana ofisi yake. Kazi hiyo ni yao, na sisi wananchi tuwaulize matokeo.

La nne, mfanyakazi mwenye kutoa habari alindwe. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Sheria hiyo itoke kabatini, ifundishwe katika mabenki, viwandani, katika mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, katika halmashauri na katika vyama vya ushirika. Kama wale wa Stanbic wangaliogopa kupoteza kazi zao, dola milioni 6 zingalitoweka, nasi tusingalikuwa na habari ya kuandika leo.

Wapo watakaosema kwamba kuwabana wenye kampuni namna hii kutawafukuza. Sisi hatuamini hivyo. Mfanyabiashara mwaminifu haogopi mzani. Aliye na hofu nao ni yule mwenye gunia la kushonwa. Tena aliye mwaminifu ndiye aumiaye kwanza rushwa inapotawala, kwa kuwa zabuni humpita na kumwendea mtoa hongo. Mzani ni kinga kwake kama ulivyo kinga kwa mkulima.

Turudi basi Uyole. Lumbesa haitakwisha kwa mkulima kulalamika kando ya barabara baada ya lori kuondoka. Itakwisha siku ile mzani utakapowekwa shambani na sokoni, mkulima akasimama karibu nao, akausoma kwa macho yake, na mwenye mamlaka akamkamata atakayeshona kichwa juu ya gunia, awe mgeni au awe jamaa yetu. Mwenyekiti wa tawi asomaye haya anayo kazi ya wiki hii: aulize katika mkutano, mzani wa soko letu uko wapi, na nani mwenye kuutunza? Atakayezoea kuuliza hilo juu ya viazi hatashindwa kuliuliza juu ya rada, mkopo na dhahabu.